Ukurasa wa Thelathini na Moja

Shuleni, Ainabkoi
Jumapili, 11 Mei 2025

Kaka Kimeli,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Siku ile ya kufungua shule sikuwa mgonjwa. Tumbo halikuniuma hata kidogo. Nilijilaza kwenye kochi na kukataa chai kwa sababu nilijua Guled wa duka la pikipiki ameahidi kuleta sanduku la pikipiki yako mpya kesho yake, na sikutaka lifunguliwe nikiwa huku gwarideni. Mama alinipikia uji wa wimbi, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea. Mungu anisamehe, lakini ningefanya tena.

Kwa hivyo niliona yote. Niliona mbao zikibanduliwa. Nilimwona Mzee wetu akinyunyizia gurudumu la mbele maziwa kama anabariki ndama, na wewe ukimkataza kila mtu asitoe nailoni kwenye kiti. Nilimsikia jirani yetu akiuliza, mbele ya nusu ya Kimumu, kama skrambla ya kichina, pikipiki hii ya tope, huuzwa pamoja na dawa ya kikohozi, maana hii itaanza kukohoa kabla mahindi hayajavunwa. Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, ila uliuma mdomo.

Nilikuwa na jibu lake. Lilikuwa kwenye daftari. Miezi minane nimesoma habari za hizi pikipiki. Mimi ndiye niliyekuambia uache ile ya boda kwa sababu tumbo lake liko chini na ungekwama kwenye tope la huku kila ukienda kutibu ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuambia ile ya kijapani iliyotumika ni nzuri lakini tungeuza shamba. Lakini mbele ya watu ulimi wangu hujifunga. Unanijua.

Halafu ukanipa kitabu cha maelekezo ya pikipiki. Guled alisema kila kitu kimo humo na tukisome chote. Wewe ukanitupia: "Prof, hiki Kiingereza ni chako, mimi kimenishinda." Kaka, si Kiingereza kabisa. Ni Kichina kilichovaa koti la Kiingereza. Ukurasa wa nne unasema mwendeshaji "asiifurahishe injini mapema". Nimefikiri siku mbili. Nadhani maana yake ni usiivumishe kabla haijapata moto.

Nimekutafsiria kurasa za 1 hadi 12. Muhimu zaidi: oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita mia moja na hamsini, kwa sababu ina unga wa chuma kutoka kiwandani.

Usisahau ahadi. Likizo ya midterm, kile kiwanja nyuma ya kanisa, unifundishe kuendesha mimi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Najua kiti kiko sentimita themanini na saba kutoka chini. Nimeanza mazoezi ya kusimama kwa ncha za vidole nikiwa kwenye foleni ya chakula. Wenzangu wanadhani natafuta kuona kama kuna nyama.

Dada yako,
Chelimo

*

Kimumu
Alhamisi, 15 Mei 2025

Chamgei, Prof!

Barua yako nimeisomea nje ya boma la Mama Jepchumba, nimekaa juu ya pikipiki, ng'ombe wake akinitazama kama askari wa trafiki. Nimecheka mpaka Mama Jepchumba akatoka kuona ni nani. Lakini usimfanyie Mama hivyo tena. Alifunga siku mbili kwa ajili ya hilo tumbo lako.

Sasa sikia. Hii kitu inapanda! Jumatatu mvua ilinyesha, ile njia ya kwenda kwa kina Kipchumba tope limefika magoti, na boda watatu wamelala kando kama kondoo waliochoka. Mimi nikapita na honi. Mmoja akapiga kelele, "Wee, daktari wa Beijing!" Jina limeshika. Sasa hata wateja wananiita hivyo kwa simu.

Nailoni bado iko. Nyongesa, yule fundi wangu wa Huruma, ameniapisha nisiruhusu spana iiguse mpaka miezi mitatu iishe. "Kitu kipya kikifunguliwa hakirudi kuwa kipya," anasema. Nikamwambia dada yangu anasoma kitabu chake. Akashika kiuno: "Kitabu? Kwani pikipiki inajua kusoma?" Lakini oili nilibadilisha, kwa ile kilomita uliyosema, na Nyongesa alinuna mchana wote. Ilitoka iking'aa kama rangi ya kucha. Ule unga wa chuma, Prof, uliuona wapi? Nyongesa aliusugua kwa kidole akaufuta kwenye suruali. Kwa hivyo nimeamua: kitabu kikisema fanya, nafanya. Kisiposema, haiguswi na mtu.

Habari nyingine, nimepata msaidizi. Anaitwa Rael, ni msichana, mwanafunzi wa chuo cha mifugo, yuko nami kwa mafunzo ya kazi hadi Agosti. Mrefu kama mlingoti wa bendera. Anakaa nyuma amekumbatia boksi la chanjo na hapigi mayowe hata tukiruka mtaro. Mtapendana.

Hii nimeiacha kwa Mzee Antony, askari wa geti la shule yenu. Na wewe ukiandika mpe yeye, mimi napita huko kila wiki.

Kaka yako,
Kimeli

*

Shuleni, Ainabkoi
Jumapili, 18 Mei 2025

Kaka Kimeli,

Asante kwa barua. Nimefurahi kuhusu oili.

Rael ana urefu gani hasa? Na uzito? Nauliza kwa sababu ya springi ya nyuma. Kitabu kinasema uzito wa abiria uzingatiwe, na wewe hukuniambia kwamba kutakuwa na abiria. Tulipokuwa tunachagua, ulisema pale nyuma ni mahali pa boksi tu. Nimeangalia kwenye daftari, ndivyo ulivyosema.

Pia, yeye huvaa kofia gani akipanda pikipiki? Kama ni ile nyekundu, ile ni yangu. Si neno, anaweza kuivaa. Nilitaka tu kujua.

Unasema tutapendana. Huenda. Ila watu huniambia hivyo kila wanapotaka nisogee kidogo kwenye benchi.

Hizi hapa kurasa za 13 hadi 30. Zimenichukua jioni nne. Cheni ipakwe mafuta kila baada ya mvua. Tairi za kiwandani ni ngumu kama plastiki na huteleza kwenye lami yenye maji, basi nenda polepole hasa unapokuwa na mtu nyuma. Kitabu hakisemi hivyo, nimeongeza mimi.

Midterm ni tarehe 26 Juni. Zimebaki siku thelathini na tisa.

Chelimo

*

Kimumu
Alhamisi, 29 Mei 2025

Prof,

Samahani nimekaa kimya. Ugonjwa wa miguu na midomo umetukimbiza kutoka boma hadi boma, nalala na buti. Barua yako imekaa mfukoni wiki nzima.

Kofia ni ile nyekundu, ndiyo. Sikufikiri. Nitanunua nyingine.

Sasa usianguke kitini: Rael ameshajua kuendesha! Jumamosi nilimpeleka kiwanjani nikitegemea atang'oa kioo. Wapi! Saa moja tu, msichana anazunguka peke yake anaimba. Miguu yote miwili chini, kama amekaa kwenye kigoda cha jikoni. Ana leseni ya muda tayari, kwa hivyo siku hizi tunapokezana, na kazi inakwenda mara mbili. Mzee amemwona akasema, "Huyu ni kama amezaliwa juu yake."

Tuko kilomita mia mbili na arobaini. Nitumie zilizobaki, kuanzia ukurasa wa 31. Nyongesa anasema kitabu kimeisha, hakuna kingine cha kufanya. Mimi namwambia Prof hajafunga kitabu.

Kimeli

*

Shuleni, Ainabkoi
Jumapili, 1 Juni 2025

Kaka Kimeli,

Nimepata habari kuhusu kiwanja. Hongera kwa Rael. Miguu mirefu ni baraka.

Kurasa za 32 hadi 40 ziko hapa. Ni michoro ya nyaya za umeme na orodha ya balbu. Ukurasa wa 31 sikuweza kuusoma, niliumwagia chai. Nilivyouona kabla haijamwagika, ni mambo ya usafi tu.

Usihangaike kusimama getini. Najua una kazi na una mtu wa kumpeleka. Kofia msinunue nyingine.

Chelimo

*

Kimumu
Jumatatu, 9 Juni 2025

Prof,

Mbona barua imekuwa fupi kama risiti? Kuna mtu amekukosea huko? Nitajie jina nije na skrambla.

Ukurasa wa chai usikuumize kichwa. Kama ni usafi, tope hili hata Wachina wenyewe wangelisalimu. Tumevuka mia nne na haijakohoa hata mara moja. Jirani amenyamaza, siku hizi ananisalimia kwanza.

Andika basi. Nikipita kwenu na kukuta Mzee Antony hana kitu mkononi, siku yangu huharibika.

Kimeli

*

Ainabkoi
Jumatano, 18 Juni 2025

Dada Chelimo,

Jina langu ni Rael. Hatujaonana, na nadhani hunipendi, kwa hivyo nitasema haraka.

Kwanza nikuambie ukweli, kwa maana mimi huandika vibaya nikificha kitu. Mimi ndiye ninayekuonea wivu. Kwetu tumezaliwa sita na hakuna aliyewahi kuninakilia hata mstari mmoja kwa mkono wake. Kaka yako ameziweka barua zako zote kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, pamoja na spana. Nikisema lolote kuhusu pikipiki hii ananijibu, "Ngoja tuone Prof alisema nini." Nimechoka na Prof. Siku aliyonifundisha kuendesha nilimwomba twende kile kiwanja cha nyuma ya kanisa, Kimumu, kwa sababu ni karibu. Alikataa. Akasema, "Hapo pana mwenyewe." Tukaja mpaka huku Ainabkoi, kwenye uwanja wa josho, nikajifunzia juu ya mavi ya ng'ombe. Nilianguka mara nne. Najua hakukuambia hilo.

Kofia yako nimeiosha. Iko kwa mama yenu.

Sasa shida yangu. Gurudumu la nyuma lina mlio. Tik, tik, tik, kama mtu anayebonyeza kalamu ya wino. Nikikata kona, mkia unakwenda kwake na mimi kwangu. Nilimwonyesha Nyongesa. Alilitazama ameshika kikombe, hata hakuinama. "Hiyo ni barabara, mama, si pikipiki." Nikamwambia Kimeli. Yeye anasema kingekuwa kitu, Prof angeandika.

Ijumaa Kimeli ana semina mjini siku nzima. Mimi nitapeleka chanjo za mbuzi, nipitie Nyaru niteremke mpaka bondeni, peke yangu, mara ya kwanza. Siogopi. Haya, naogopa kidogo. Ule mteremko unaujua, ukitazama chini unaona mgongo wa mwewe.

Huo ukurasa uliomwagikiwa na chai, hukumbuki hata mstari mmoja? Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, ukipata mtu mwenye simu.

Rael

*

Shuleni, Ainabkoi
Ijumaa, 20 Juni 2025

Kaka Kimeli,

Chai haikumwagika. Ukurasa wa 31 ni msafi, na ndio wa maana kuliko zote. Nilikudanganya kwa sababu ulisema "kiwanjani" na mimi nikaona kile chetu. Nilimwona akizunguka mahali pangu, miguu yote chini, na Mzee akisema amezaliwa juu yake. Mzee hajawahi kuniambia nimezaliwa juu ya kitu chochote. Nilikaa na ukurasa huo mbele yangu, nikajua kabisa unasema nini, nikaandika chai. Sikutaka mtu aumie. Nilitaka kitabu kisiwasaidie. Nilitaka siku moja pikipiki ifanye jambo ambalo Rael halijui, na wewe useme, "Ngoja tumwite Chelimo." Baadaye ulipoandika kwamba barua yangu ni fupi nilitaka kusema, lakini kila Jumapili iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi, basi nikaacha kuandika kabisa.

Barua ya Rael ilifika kwa Mzee Antony jana jioni na mimi nikapewa leo wakati wa mapumziko ya saa nne. Nimeisoma nimesimama karibu na mabomba ya maji. Nilipofika mahali pa mteremko nilianza kutembea kabla sijamaliza.

Unajua ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Mwaka jana nilivumilia jino wiki mbili ili nisigonge mlango ule. Leo sikugonga. Madam Waiyego alikuwa anasahihisha.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Bado, Madam."

Aliweka kalamu chini. Nilimweleza yote, vibaya, nikianzia katikati. Walimu wawili walikuwa wanasikia. Aliniuliza swali moja tu: "Namba unayo?" Akanipa simu yake.

Yako ilikuwa imezimwa kwa ajili ya semina. Ya Rael iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu nilikuwa nahesabu mlio, na kila mlio nilimwona mahali pengine kwenye ule mteremko. Kisha nikasikia sufuria na watu wakiongea.

"Haloo? Nani?"

"Ni Chelimo."

"Prof?" Alikuwa anatafuna. "Uko na simu?"

"Uko wapi?"

"Nyaru, kwa kibanda. Nimalize chapati niteremke."

"Usiteremke. Nenda kwenye gurudumu la nyuma."

Sikuwa na kitabu mkononi, lakini ukurasa huo nimeukariri. Nilimsomea pole pole kama imla. Spoki, zile nyaya za gurudumu, zikiwa changa ni vivu. Baada ya kilomita mia tatu za kwanza spoki zote zikazwe tena, na nati ya ekseli inayoshika gurudumu la nyuma pia. Usingoje mlio. Nilimwambia azibane mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Nilimsikia akihesabu, na mzee mmoja hapo akimuuliza kama anatafuta kupe. Spoki ni thelathini na sita. Kumi na moja zilicheza kama meno ya mtoto. Kisha nikamwambia ashike nati ya ekseli.

"Rael?"

"Hii nati kubwa," alisema. "Nimeizungusha kwa vidole, Chelimo. Kwa vidole viwili."

Nikamwambia asipande mpaka fundi aikaze.

"Na ule ukurasa," akasema. "Chai ilimwagika kweli?"

Madam Waiyego alikuwa ananitazama.

"Hapana."

Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Haya. Natafuta fundi," akakata.

Saa sita alimpigia Madam. Fundi wa pale amekaza kila kitu, ameshuka salama, mbuzi wameanza kuchanjwa. Hakuacha ujumbe wowote kwangu.

Nimefikiri leo kutwa kwamba siku kumi na tisa wewe pia umekuwa juu ya gurudumu hilo, na ulikuwa na imani kwa sababu mimi sikuandika. Usimlaumu Nyongesa. Alikuwa anakosea kwa kutokujua.

Sitakudanganya tena, basi na hili nalo nikuambie. Rael alipopokea simu nilifurahi kabisa. Halafu, si dakika mbili baadaye, alipokuwa anahesabu spoki, nilimwonea wivu tena, kwamba ni mikono yake iliyokuwa huko na si yangu. Nilidhani hofu ingeuondoa. Haukuondoka. Kuhusu midterm sisemi kitu, utaamua wewe.

Baada ya kurudisha simu nilifanya hivi. Madam aliniuliza kwa nini, nikasema wivu. Alinipa wiki mbili za kusafisha bwalo, nikasema asante. Wakati wa chakula cha mchana nilinakili ukurasa wa 31 mara tatu, nakala moja yako, moja ya Rael, moja ya Nyongesa, kwa herufi kubwa. Niliziweka ndani ya kitabu, nikakipeleka getini kwa Mzee Antony. Alisema, "Nimpe Kimeli, si ndiyo?" Nikamwambia ampe Kimeli au Rael, yeyote atakayepita kwanza. Kisha nikarudi darasani. Kipindi cha Kemia kilikuwa kimefika katikati na ubao ulikuwa umeshafutwa mara moja. Nikamwomba msamaha mwalimu, nikakaa, nikaanza kuandika kuanzia pale walipokuwa wamefika.

Chelimo